Nani hasa ana mamlaka ya kukagua nyumba za kutunzia wazee hapa Mombasa?

BintiKuze (Jumatatu, saa 4:10 usiku)

Asalaam alaykum wana jukwaa. Naomba mnisome hadi mwisho, kwa sababu nimezunguka maofisi wiki tatu na sijapata jibu.

Nina shangazi yangu, dada yake marehemu babangu, ana miaka 81. Ndiye aliyenilea tangu niko darasa la pili. Mwaka 2023 alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalala. Anayezijua nyumba za Kuze, mtaa wetu wa Mji wa Kale, anazijua na ngazi zake: nyembamba, zimesimama wima, za kupanda umeshika ukuta. Chumba chake kiko ghorofa ya pili. Kumshusha kwenda kliniki kulitaka vijana watatu wa barazani na kiti cha plastiki, na kila mara tukifika chini yeye ameshajikojolea kwa woga. Wanawe wawili wako Maskati. Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini, naingia saa kumi na mbili asubuhi na kuna siku narudi saa tatu usiku. Tuliweka msichana wa kumtazama, akakaa miezi minne akaenda zake. Wa pili alikaa wiki tatu.

Januari tukakata shauri, tukampeleka kwenye nyumba moja ya kutunzia wazee ng'ambo ya daraja la Nyali. Jina silitaji hapa. Tulikuwa tukilipa shilingi 35,000 kwa mwezi, nepi na dawa juu yetu. Wazee walikuwa 14.

Jumapili moja ya Juni nilimpelekea mahamri na mbaazi kama kawaida. Nilipoinama kumbusu nikasikia harufu. Nikadhani ni nepi, nikasema nitambadilisha mwenyewe. Dada wa zamu akanijibu ameshabadilishwa. Nikamgeuza hivyo hivyo. Pale chini ya mgongo penye mfupa palikuwa na kidonda upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa chungu, kimeingia ndani, na ngozi ya ukingoni imegeuka nyeusi. Jagi lake la maji lilikuwa limewekwa upande wa kulia, yaani upande wa mkono usiofanya kazi. Shangazi hakulia. Aliniambia tu, kwa ile sauti yake ya siku hizi ya kuburuta, "Usiwaseme, wataninyima maji."

Siku ile ile nikamtoa. Hospitalini nesi aliniuliza swali moja: mtu wa namna hii hugeuzwa kila baada ya saa mbili, nani alikuwa akimgeuza usiku? Usiku pale kuna msichana mmoja kwa wazee wote 14.

Sasa shangazi yuko kwangu, chumba cha chini. Lakini wale wengine bado wako kule. Nimekwenda ofisi nne. Ya kwanza ikanituma ya pili. Ya pili ikasema wao ni wa pesa za wazee tu, ile 2,000 ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa wazee pesa, nyumba za watu binafsi hawana nguvu nazo. Ya tatu ikafungua kompyuta ikanambia mwenye nyumba amelipia leseni ya biashara, hana deni. Ya nne ikasema pale si hospitali, kwa hiyo si pao.

Mimi kazini kwangu kontena la mitumba halitoki getini mpaka karatasi zake zote zisomwe na sili iangaliwe namba. Naomba mniambie: ni nani, kisheria, anayeweza kubisha hodi pale, akaingia, akahesabu vitanda na kuuliza daftari la usiku? Na bunge letu la kaunti lina kazi gani hapo? Tafadhali msinijibu "serikali iangalie". Nataka kujua ni kiti kipi.

---

MzeeTudor (Jumanne, saa 1:30 asubuhi)

Wa alaykum salaam binti yangu. Mungu ampe shangazi shifaa. Nilitumika katika maendeleo ya jamii miaka 31, nimestaafu, na swali lako nimeulizwa mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Chanzo cha kuzungushwa kwako ni Katiba ya 2010 yenyewe. Fungua Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, panapoorodheshwa kazi za kaunti. Namba 9 utaona shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na vituo vya kutunzia watoto. Watoto wametajwa kwa jina. Tafuta wazee kwenye orodha hiyo, hutawaona. Na kifungu cha 186(3) kinasema kazi yoyote ambayo kaunti haikupewa ni ya serikali kuu. Kwa hiyo yule wa kaunti aliyekwambia "si petu" alikuwa na kipande cha ukweli, na yule wa serikali kuu aliyesema hana nguvu naye alikuwa na kipande chake, kwa sababu kuandika sera ni jambo moja na kuwa na mkaguzi wa kutembea mtaa kwa mtaa ni jambo jingine.

Lakini usikubali kwamba kaunti haina ufunguo. Inao zaidi ya mmoja, kwa orodha ile ile. Leseni za biashara ni za kaunti. Mipango ya majengo ni ya kaunti. Zimamoto ni ya kaunti. Huduma za afya za mashinani ni za kaunti, na hapo ndipo yuko mtu unayemtafuta: afisa wa afya ya umma wa kaunti ndogo yenu. Kwa Sheria ya Afya ya Umma, sura ya 242, nyumba iliyosongamana watu, isiyo na hewa au yenye uchafu ni kero, na afisa huyo ana haki ya kuingia kukagua na kutoa ilani kwa maandishi. Nenda kwake na barua. Usiende na maneno matupu.

Kuhusu kidonda chenyewe, Kanuni ya Adhabu kifungu cha 216 inamwajibisha anayemshikilia mtu asiyejiweza kwa umri au maradhi kumpatia mahitaji ya uhai. Hilo ni la polisi. Piga ripoti, uchukue namba ya OB (daftari la matukio la polisi), na barua ya daktari uiweke pamoja nayo.

Bunge la kaunti: kifungu cha 185 kinalipa jukumu la kusimamia watendaji wa kaunti, na cha 195 kinaipa kamati yake uwezo wa kumwita mtu yeyote kutoa ushahidi, kwa nguvu kama za Mahakama Kuu. Mtu yeyote, binti yangu. Hata mwenye nyumba ya binafsi. Katika miaka yangu sikuona likitumika kwa wazee hata mara moja, na hilo linaniuma mpaka leo.

Jambo la mwisho, kwa uzoefu wangu. Wa zimamoto akija ataangalia mitungi. Wa afya ya umma ataangalia jikoni na vyoo. Wa leseni ataangalia risiti. Kila mmoja atajaza fomu yake vizuri kabisa na kwenda zake, na kidonda cha shangazi yako hakimo kwenye fomu ya yeyote. Hapo ndipo penye shimo, na hapo ndipo pa kuwabana.

---

Kisauni_Mkweli (Jumanne, saa 6:45 mchana)

Pole dada, lakini tuambiane ukweli. Sisi watu wa pwani hatuna desturi ya kutoa wazee nje. Shangazi aliyekulea unampeleka kwa watu baki halafu unataka kaunti ikusaidie? Hata mngekula muhogo mkavu, mzee hukaa nyumbani.

---

BintiKuze (Jumanne, saa 3:20 usiku)

Kaka yangu, ulichosema nimejiambia mwenyewe kila usiku tangu Juni. Ila nikuulize: siku ya kumshusha ngazi, wewe ungekuja? Wale vijana watatu walikuja mara sita, mara ya saba wawili wao walikuwa wamepata kazi Mtwapa. Wajomba walisema "tuko pamoja". Hakuna aliyelala kwake hata usiku mmoja.

Desturi yetu ilikuwa na watu ndani yake. Ilikuwa na nyumba yenye wake watatu na watoto kumi na moja, kila saa kuna mtu anapita na kikombe cha maji. Nyumba ile leo ina mimi. Na Katiba kifungu cha 57 inasema mtu wa miaka 60 na zaidi ana haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata matunzo kutoka kwa familia yake na kwa dola. Imetaja wote wawili. Na aibu hii ya kusema "mmemtoa nje" ndiyo inayowafanya wale wenzangu, wenye mama zao kule, wakione kidonda wanyamaze. Nimewapigia watatu. Wawili waliniomba nisitaje hata kwamba mama zao wako kule.

Mzee wangu MzeeTudor, Mungu akulipe kheri. Nimeyaandika yote. Kesho naomba ruhusa kazini.

---

Likoni_Leeds (Jumatano, saa 2:05 usiku)

Dada Binti, nimesoma nikalia kwenye basi. Mzaliwa wa Likoni, niko Leeds mwaka wa tano, na kazi yangu ndiyo hiyo, kutunza wazee.

Nikueleze ya huku, upate kujua kipi cha kuomba huko. England mwenye kutoa usajili si kaunsili ya mji. Ni chombo cha kitaifa, Care Quality Commission (CQC). Hicho hukagua, kinatoa daraja, na daraja hilo ni lazima nyumba ilibandike mahali watu wanaliona. Ukiingia mlangoni unasoma kabla hujasalimia mtu. Kaunsili kazi yake ni nyingine. Hulipia wale wasio na uwezo (mwenye mali chini ya pauni 23,250 husaidiwa), kwa hiyo inakuja kuangalia pesa yake inafanya nini. Na kwa Sheria ya Matunzo ya 2014, kifungu cha 42, kaunsili ikisikia kuna mtu mzima asiyejiweza anadhulumiwa au anatelekezwa katika eneo lake, lazima ichunguze au iagize uchunguzi. Haijalishi nani anamlipia. Haiwezi kusema "pale ni pa binafsi". Halafu kuna kamati za madiwani zinazowahoji wakubwa wa idara, na tangu 2023 hao CQC wanazikagua na kaunsili zenyewe.

Lakini usidhani huku ni peponi. Mwaka 2011 BBC ilimwingiza mwandishi wake kama mfanyakazi kwenye hospitali moja ya binafsi karibu na Bristol, Winterbourne View, ya watu wenye ulemavu wa akili. Aliyoyarekodi, watu wakipigwa na kuburutwa, yalitisha nchi nzima. Watu 11 walihukumiwa na sita wakafungwa. Kilichowaumiza wengi zaidi ni kwamba nesi mmoja wa pale alikuwa ameshawaandikia wakaguzi kabla. Kaunsili ilikuwa na taarifa zake, polisi wana zao, wakaguzi wana zao. Hakuna aliyezipanga mezani pamoja. Mzee wa Tudor amesema maneno yale yale ya huku.

Kitu kimoja kidogo. Kila mzee ninayemhudumia asiyejigeuza ana karatasi kando ya kitanda: saa, upande aliolazwa, sahihi ya aliyemgeuza. Mkaguzi akiingia huanza na hiyo. Huko ukipata nafasi ya kuingia na afisa, usiulize kwanza vyoo. Uliza karatasi hiyo.

---

Changamwe_Juu (Alhamisi, saa 12:40 jioni)

Dada, mimi niliwahi kupeleka ombi bungeni kuhusu zahanati ya kwetu iliyokaa miezi bila maji, kwa hiyo njia naijua.

Kuna Sheria ya mwaka 2020 ya utaratibu wa maombi kwa mabunge ya kaunti. Ombi unaliandikia Bunge, unalikabidhi kwa Karani. Kiswahili ruhusa. Lisiwe na maneno yaliyofutwafutwa. Utaje ofisi ulizokwenda na walivyokujibu, useme kama kuna kesi kortini au hakuna, mwisho uandike wazi unachoomba, kisha majina, namba za kitambulisho na sahihi. Asiyejua kuandika aweke dole gumba.

Hapo kwenye "unachoomba" ndipo wengi huanguka. Ukiomba "nyumba ifungwe" watakujibu haimo katika mamlaka yao, na wale wazee watakwenda wapi usiku huo? Omba vitu vilivyo mikononi mwao. Kamati ya afya iende ikaone, imwite mwenye nyumba na idara, ripoti isomwe bungeni. Idara ya afya iorodheshe nyumba zote za wazee katika kaunti ndogo zote sita. Na leseni isitolewe upya mpaka kuwe na ukaguzi wenye kipengele cha matunzo: wahudumu wa usiku wangapi, karatasi ya kugeuza iko au haiko.

Kabla ya hapo, andika barua nyingine ya kuomba habari kwa Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Uliza: nyumba hiyo imekaguliwa lini mara ya mwisho na nani. Wana siku 21 kukujibu, na kama habari inahusu uhai wa mtu ni saa 48. Kwako inahusu uhai, liandike hilo mstari wa kwanza. Wakinyamaza, nenda kwa Ombudsman, mpokea malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za umma, ana ofisi hapa hapa Mombasa. Nakala uipeleke Tume ya Kitaifa ya Jinsia na Usawa, wazee wako chini ya jukumu lao pia.

Kila barua toa nakala mbili, na yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri, hukwenda.

---

BintiKuze (wiki nne baadaye, Jumapili, saa 5 usiku)

Nimerudi, kama nilivyoahidi wale walioniandikia faraghani.

Barua ya habari nilipeleka. Saa 48 zilipita kimya. Siku ya tisa nikapigiwa simu na afisa wa afya ya umma, mama mmoja wa makamo, akaniuliza, "Uko tayari kwenda na mimi sasa hivi?" Nilikuwa getini bandarini na karatasi za watu mkononi. Nikamwachia mwenzangu, nikapanda tuktuk.

Yule mama alikagua kama mtu anayetafuta sindano. Vitanda alivihesabu kwa kuvigusa. Vilikuwa 16, viwili vimeongezwa ukumbini, kimoja kimeziba mlango wa nyuma. Choo cha kutumika kilikuwa kimoja. Alipomaliza nikamwomba aulize daftari la usiku. Wakalileta, daftari la shule. Kila usiku limeandikwa saa 2, saa 4, saa 6, saa 8, saa 10, "wote wamegeuzwa", kalamu moja, mwandiko mmoja, ukurasa baada ya ukurasa bila kosa. Nikaomba tufungue Juni. Jina la shangazi lilikuwepo. Alikuwa amegeuzwa usiku wa Jumapili ile niliyomtoa. Na Jumatatu. Na Jumanne. Yuko wodini ana dripu mkononi, na daftari linasema kalazwa ubavu wa kushoto.

Yule afisa alipiga picha kurasa zile tatu. Akakaa kimya kidogo, kisha akanambia, "Kwa choo na msongamano nina kifungu. Kwa hili sina, lakini nitaliandika." Ilani imetolewa, siku 14 kwa vitanda, mlango na choo. La daftari limeandikwa chini, kwenye nafasi ya maelezo mengine. Nimepeleka nakala polisi nikaiunganisha na OB.

Ombi la bunge nimeliandika kwa Kiswahili kwa mpango wa Changamwe_Juu, na ile karatasi ya kugeuza ya Likoni_Leeds nimeiweka kama kiambatisho. MzeeTudor alilisoma kwa simu, akanirekebisha mara mbili. Sahihi ziko 63 mpaka leo. Kisauni_Mkweli alikuja kutia sahihi na mkewe. Sitasahau.

Shangazi anaendelea. Kidonda kimepungua, hakifikii tena upana wa kikombe cha kahawa, nesi anasema nyama mpya imeanza. Tunamgeuza kwa kengele ya simu, mimi usiku, binti wa jirani mchana, na karatasi tumebandika ukutani kwa selotepu. Kila nikimgeuza ananiuliza habari za bibi wa kitanda cha dirishani, waliyekuwa wakisoma naye Yasini usiku: "Na yeye wamemgeuza?"

Yule bibi jamaa zake sijawapata. Nasikia ni watu wa Mtongwe. Kama uko humu na una mamako au nyanyako kwenye nyumba ya wazee ng'ambo ya Nyali, yoyote ile, Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa Uwanja wa Makadara na karatasi za sahihi. Njoo na namba ya kitambulisho. Tutaonana uso kwa uso, na jina lako halitatajwa humu.